Jina la Nanzia

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaambie kwa nini huku kwetu milimani ugonjwa wa kutetemeka unaitwa nanzia.

Hapo kale magonjwa hayakuwa na majina. Mtu aliugua, akafa, na waliobaki wakatafuta wa kumlaumu.

Wakati huo aliishi Nanzia, mganga mjane aliyezalisha nusu ya kijiji. Aliona wagonjwa wengine wakianza kutetemeka vidole, kisha miguu ikilegea, mwisho sauti ikipotea. Kwa miaka kumi na minne aliwaogesha, akawalisha, akawachunguza. Dawa hakupata. Alichojua ni kwamba wote waliugua kitu kimoja.

Mwaka mmoja ugonjwa huo uliua wana watatu wa Kangalu. Watu wakamkamata jirani yake, Nakiete, kikongwe asiye na mtoto, wakamburuta hadi ukingoni mwa jabali ili wamsukume.

Nanzia alifika akihema. "Mwacheni mama wa watu! Huu ni ugonjwa."

"Ugonjwa gani?" Kangalu akafoka. "Utaje jina!"

Nanzia hakuwa na jina la kutaja. Akanyoosha mkono wake mbele yao. Vidole vilikuwa vikitetemeka.

"Uiteni Nanzia," akasema. "Mkiulizwa nani kawaua wanenu, semeni ni Nanzia. Huyu arudi kwake."

Kangalu akautazama mkono ule uliompokea yeye mwenyewe alipozaliwa. Akaketi chini akalia. Nakiete akaachiwa.

Ni Nakiete aliyemuuguza Nanzia miaka miwili, akimlisha uji kwa kijiko, hata sauti ilipokwisha wakabaki wakitazamana tu. Alipokufa, walimzika wawili: Nakiete na binti wa Nanzia mwenyewe. Wengine waliogopa.

Baadaye binti huyo alijifungua mtoto wa kike, akamwita jina la mama yake kama ilivyo desturi yetu. Lakini kila alipomwita mtoto uani, majirani walifunga milango. Watoto wenziwe walimkimbia. Mwishowe mama alichoka, akambadilisha jina, akalia siku nzima.

Na tangu siku ile ya jabalini, mtu akitetemeka vidole, hapa kwetu hakamatwi jirani. Watu husema, "Kashikwa na nanzia," wakampelekea uji. Lakini hakuna mzazi anayempa binti yake jina hilo, na wengi hawajui kwamba lilikuwa la mtu.

Mtoto yule aliyebadilishwa jina ni mimi.