Kamba ya Farasi wa Zada

Zamani, katika nyika za mbali ambako watu huhama na farasi wao kufuata malisho, mahema ya sufu yalizibwa kote, tangu chini hadi kileleni. Watu waliuogopa upepo. Mfalme wa upepo aliitwa Zada, naye alisafiri juu ya farasi wa kijivu asiyeonekana kwa macho. Kila alikopita alikuta pamefungwa. Akaghadhibika, akawa anayang'oa mahema na kuyatupa mabondeni.

Mwaka mmoja alilifikia hema la Bermet, mwanamke aliyejifungua majuzi. Mumewe alikuwa malishoni na farasi. Ndani walikuwamo yeye, mwanawe mchanga na mavyaa yake, Bi Umsunai. Nguzo zikalia, hema likaanza kunyanyuka.

"Shika nguzo, mkamwana! Au mikono hiyo ni ya kusukia nywele tu?"

"Nimeshika, mama. Haishikiki!"

Baridi ikapenya chini ya ukuta, ikamfikia mtoto. Midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Bermet akaona kwamba wakiendelea kushindana, mtoto atawafia. Akaiachia nguzo, akapanda juu ya sanduku, akaipasua sufu ya kileleni kwa kisu.

"Umerukwa na akili? Unamfungulia?"

"Ni mgeni, mama. Kwetu hata adui hupewa maziwa. Huyu tumemweka nje tangu enzi za mababu."

Akafunga kamba ya singa za mkia wa farasi kwenye duara la mti lililobeba paa, akaushika mwisho wake kwa mikono miwili, akaita: "Karibu, Zada! Ila kwetu mgeni haingii na farasi. Nipe nikushikie, uingie kwa miguu. Nina mtoto mchanga humu."

Kamba ikakazika, ikamchana viganja. Hakuiachia. Juu ya paa farasi akasikika akirukaruka. Ndani ukashuka upepo mwembamba, ukauzunguka moto bila kuuzima, ukampita mtoto kwa upole.

Bi Umsunai akachota maziwa, akayarusha juu. "Haya, kunywa uende zako. Mkwe wangu anatoka damu."

Kamba ikalegea. Mtoto akalia kwa nguvu, akadai titi.

Ndiyo maana hadi leo mahema ya nyika hizo yana tundu kileleni, na kamba huning'inia katikati hata siku za utulivu. Tufani ikivuma, mwenye hema huishika kamba hiyo. Ukimwuliza, hatakwambia kwamba anazuia hema lisipeperuke. Atakwambia anamshikia mgeni farasi.