Fisi Alikaribishwa Kutazama Ndege

Hodi, waungwana!
*Karibu!*
Nimejitwika uwongo kichwani.
*Utue tuuone!*
Ukivunjika je?
*Tutaokota vipande!*

Haya, kaeni. Shemweta, kunja miguu yako, wenzako nao wanataka pa kukaa.

Hapo kale, wala si kale sana, maana darubini zilikwishakuwapo, palikuwa na ziwa liitwalo Singwa. Maji yake haba, tope lake tele. Asiyejua angesema, ziwa gani hili? Lakini ndege walilipenda kupita maziwa yote, kwa sababu ndani ya tope lile mlikuwa na minyoo, mlikuwa na konokono, mlikuwa na vijidudu ambavyo hata leo sijui vinaitwaje. Kwao, lile lilikuwa jiko.

Kila mwaka, huko kaskazini maji yakianza kuganda, ndege walifunga safari. Puruu, puruu, puruu! Wakavuka milima. Wakavuka jangwa. Wakafika Singwa wamekonda, macho yamewatoka, hawana nguvu hata ya kusalimiana. Wakala, wakalala, wakala tena.

Na watu nao walikuja, kuwatazama. Usiniulize kwa nini mtu atoke kwake asafiri kutwa nzima kwenda kumtazama bata. Walikuja, basi. Askari wa hifadhi, aliyeitwa Ndekirwa, alikuwa amefunga kamba kwenye vigingi ukingoni mwa tope, na kila mgeni alimwambia maneno yale yale: "Hapa macho yanakwenda, miguu inabaki." Wageni wakakaa nyuma ya kamba, darubini shingoni, wakatazama. Ndege wakawazoea. Mwenye darubini akija, hakuna aliyeruka. Walisema tu, "Watazamaji hao," wakaendelea kula.

Sasa Fisi alikuwa kichakani, akaliona jambo hilo.

Fisi akiwasogelea ndege, puruu, wote juu. Mtu akiwasogelea, kimya. Fisi akafikiri. Kufikiri kulimpa shida, lakini njaa ilimsaidia. Akasema, "Kumbe siri ni kile kidude cha shingoni!"

Siku moja mvua ilinyesha ghafla, wageni wakakimbilia gari lao, na mama mmoja akasahau kofia na darubini juu ya benchi. Fisi akatoka kichakani. Akailamba darubini, akaona hailiki. Akaivaa shingoni. Akaivaa na kofia.

*Fisi akavaa kofia?*

Shemweta, kwani wewe huvai? Nyamaza nisimulie.

Siku ya kwanza Fisi akaketi nyuma ya kamba, miguu pamoja, adabu tupu. Ndege wakamtazama. Heroe akainua shingo yake ndefu akauliza, "Wewe nani?"

"Mimi natazama tu," akasema Fisi.

Ndege wakasema, "Mtazamaji huyo." Wakaendelea kula.

Siku ya pili Fisi akaketi mbele ya kamba. Mwari akafungua mdomo wake kama kapu, akauliza, "Mbona umesogea?"

"Mimi natazama tu," akasema Fisi.

Siku ya tatu manyoya ya Bata yalionekana yakielea ukingoni, na Bata mwenyewe hakuonekana. Ndege wakamuuliza Fisi, "Bata yuko wapi?"

"Mimi?" akasema Fisi, unyoya umemning'inia kwenye sharubu. "Mimi natazama tu."

Hapo ndege wakaelewa. Heroe wakasema, "Tuhame, twende ziwa jingine." Mwari wakasema, "Tuhame leo hii." Wote wakawa wanakung'uta mabawa. Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Shangazi Sururu. Sururu ndege, si sururu ya kuchimbia, ingawa kwa mdomo ule mrefu uliopinda angeweza kukuchimbia msingi wa nyumba. Upepo wa jangwani ulikuwa umemvunja nguvu bawa moja. Alisimama katikati ya tope, bawa likiburuta, na kuruka hakuweza. Fisi alikwisha kumwona. Tangu siku ya kwanza, macho yake yalikuwa kwa huyo tu.

Na palikuwa na Kitwitwi. Mdogo kiasi kwamba ukimshika mkononi utadhani umeshika manyoya matupu. Ndege wakubwa walimwambia, "Kitwitwi, twende."

"Twi-twi," akasema Kitwitwi. "Shangazi je?"

"Shangazi hawezi kuruka."

"Basi nami sitaruka."

Mwaka Kitwitwi alipovuka jangwa kwa mara ya kwanza, akachoka, akataka kushuka afie mchangani, Shangazi Sururu ndiye aliyeruka mbele yake akimkatia upepo, akimwambia, "Ruka nyuma ya mkia wangu, usitazame chini." Kitwitwi hakulisahau hilo. Aliogopa sana, nisiwadanganye. Kifua kilimdunda du-du-du-du. Lakini alibaki, wenzake wakaruka, wakatua kwanza ng'ambo ya ziwa.

Akakimbia juu ya tope mpaka kwa Sururu. Miguu yake haikuzama, maana uzito alikuwa hana.

"Shangazi," akasema, "hebu nipimie tope. Hapa mbele yako, upande wa kamba."

Sururu akachovya mdomo. Chwii! Mdomo wote ukazama, mpaka machoni. Akauchomoa. "Sijagusa chini, mwanangu."

"Na huku mbele kidogo?"

Chwii! "Sijagusa chini."

"Vizuri," akasema Kitwitwi. "Sasa Shangazi, nakuomba jambo moja gumu. Simama hapo hapo. Hata akija, usitikisike."

Sururu akamtazama. "Akinifikia?"

Kitwitwi akamsogelea mguuni. Akasema tu, "Ruka nyuma ya mkia wangu, usitazame chini."

Sururu akacheka kidogo, akasimama.

Sasa Kitwitwi alikuwa ameona kitu ambacho wakubwa hawakukiona. Watazamaji wote huweka darubini machoni. Fisi hakuwahi kuiweka machoni hata mara moja. Aliivaa tu kama mkufu, akatazama juu yake, akameza mate: gudu, gudu.

Kitwitwi akamwendea Fisi mpaka kwenye kamba.

"Twi-twi, Bwana Fisi, shikamoo."

"Marahaba," akasema Fisi kwa sauti ya mheshimiwa.

"Bwana Fisi, kuna maneno yanasemwa. Wanasema wewe si mtazamaji. Wanasema mtazamaji gani asiyetazama?"

Fisi akashtuka. Siri yake! "Nani anasema? Mimi natazama tu!"

"Hata mimi nimewaambia hivyo. Lakini wakuone basi, Bwana. Iweke machoni."

Fisi akaiweka darubini machoni.

Lo! Lo! Shangazi Sururu alikuwa hapa! Puani! Bawa lake linaburuta hapa, paja lake liko hapa, hata kiroboto wa mgongoni alionekana anatembea. Fisi akafumbua kinywa. Ngap! Akauma upepo.

"Amekwenda wapi?"

"Hajakwenda, Bwana. Bado kidogo tu usogee."

"Naruhusiwa?" akauliza Fisi, maana alijua habari ya kamba.

"Mgeni haingii bila kukaribishwa," akasema Kitwitwi. "Piga hodi."

"Hodi!"

"Karibu!"

Fisi akaingia topeni. Chwaka!

"Ila usiondoe darubini machoni," akasema Kitwitwi. "Ndege wakiona macho matupu huruka."

"Siondoi."

Kitwitwi akatangulia, twi-twi-twi, juu ya tope kama juu ya sakafu. Fisi akafuata. Chwaka! Chwaka! Ndani ya darubini Sururu alijaa tele. Ngap! Upepo.

"Kitwitwi, nimefika?"

"Karibu!"

Tope likamfika vifundoni. Chwaka! Chwaka! Ngap! Upepo.

"Kitwitwi, nimefika?"

"Karibu, karibu!"

Tope likamfika magotini. Fisi akasema, "Mbona miguu mizito?"

"Ndiyo desturi ya hapa kwetu, Bwana. Mgeni akipendwa hung'ang'aniwa. Tope likikupenda halitaki uondoke."

Fisi akafurahi. Tangu azaliwe hajawahi kung'ang'aniwa mahali. Kila alikokwenda alifukuzwa. Akasema, "Ahsanteni sana," akapiga hatua nyingine. Chwakaaa!

"Nimefika?"

"Karibu mno!"

Na hilo, waungwana, lilikuwa kweli. Alikuwa karibu mno. Kitwitwi alikuwa amekisia vibaya. Miguu ya Fisi ni mirefu, na tope lilikuwa limechelewa kumshika. Pua yake ilikuwa sasa mbele ya kifua cha Sururu, na joto la pumzi yake Sururu alilisikia. Hakutikisika. Alifumba macho.

Fisi akanyoosha shingo. Akafumbua kinywa.

Ngap!

Unyoya mmoja. Alipata unyoya mmoja wa kifuani. Kwa maana alipotaka kuruka apate na mwenye unyoya, miguu ya nyuma ilikataa. Akaivuta. Ikakataa. Akaivuta tena, na kila alipovuta akazama zaidi. Tope likamfika tumboni, likamfika kwapani, likatulia.

Fisi akaondoa darubini machoni kwa mara ya kwanza. Akatazama kushoto, tope. Akatazama kulia, tope. Akatazama nyuma, kamba iko kuleee.

"Kitwitwi!" akalia. "Nimefika?"

"Sasa umefika," akasema Kitwitwi. "Starehe, Bwana."

Akamkimbilia Sururu, akajiingiza chini ya bawa lake bovu, akatetemeka humo kwa muda mrefu. Sururu akamwacha atetemeke.

Asubuhi Ndekirwa akaleta wageni. Wakajipanga nyuma ya kamba, wakaweka darubini machoni. Siku hiyo hakuna aliyetazama heroe, hakuna aliyetazama mwari. Darubini zote zilielekea mahali pamoja.

Mzee mmoja akauliza, "Yule mwenye kofia ni ndege gani?"

"Huyo si ndege, mzee wangu," akasema Ndekirwa. "Huyo ni mgeni mwenzenu. Nilisema macho yaende, miguu ibaki. Yeye kafanya kinyume."

"Mimi natazama tu!" akapiga kelele Fisi.

Ndekirwa akafungua ile kamba ya vigingi, akairusha kwa mbali, Fisi akaidaka kwa miguu ya mbele. Wageni wakashika kamba. Wakavuta. Harambee! Miguu ya mbele ikanyooka. Harambee! Shingo ikanyooka. Lakini nyuma, tope lilikuwa bado linampenda, halikutaka aondoke. Alipochomoka, pwaa, mbele alikuwa amerefuka na nyuma amebaki vile vile. Mtazameni Fisi mpaka leo: mbele juu, nyuma chini, anatembea kama anayetaka kuketi akaghairi. Yule mama akarudishiwa darubini yake. Aliinusa, akasema bora angenunua nyingine.

Ndege wakarudi mmoja mmoja jikoni kwao. Bawa la Sururu likapona. Kaskazini maji yalipoanza kuyeyuka, akaruka, na nyuma ya mkia wake kulikuwa na kitu kidogo kikisema twi-twi, twi-twi, mpaka hakikusikika tena.

*Na fundisho je?*

Fundisho mnalijua, bado mnaniuliza. Fundisho ni ukarimu. Mgeni akija kwako, awe mwema awe mbaya, usimpige, usimtukane, usimfukuze. Kitwitwi alifanya lipi kati ya hayo? Hakufanya hata moja. Alimsalimu Fisi kwa adabu, akamwambia karibu, na kila alipoulizwa alisema karibu, na kila mara lilikuwa neno la kweli. Mtoto mwenye malezi hayo nani anaye siku hizi? Basi nanyi wakaribisheni wageni. Wakaribisheni sana.

Uwongo wangu nimeutua, umevunjika. Okoteni vipande, mimi naondoka.

*Karibu tena!*

Ah ah, Shemweta. Hapa nilipo, kwanza niangalie miguu yangu.