Zimwi Aliyemeza Majina

Sogeeni mnisikilize, maana kisa hiki hunichoma moyo kila ninapokisimulia.

Mwanakheri alifiwa na binti yake wa pekee, Siwema. Majirani walikuja matangani, wakala, wakashiba. Matanga yalipoanuliwa, mama aliendelea kulia, nao wakakereka. Wakamwita zimwi kutoka msituni, wakamwambia, "Meza jina la mtoto, mama yake amsahau, nasi tupumzike na kelele."

Zimwi akaja, akasimama mlangoni. "Mama, nipe jina la mwanao, nikutue mzigo."

Ndani alikuwemo Mashavu, shoga yake, ambaye hakuwa ameondoka tangu msiba. Akajibu, "Hakupi."

Zimwi akaomba tena. "Hakupi," akasema Mashavu.

Akaomba mara ya tatu, na Mwanakheri, kwa kuchoka, akafumbua mdomo. Mashavu akamshika mikono. "Usimpe, shoga yangu. Lia utakavyo, mimi nipo. Hebu niambie, Siwema alipenda kula nini?"

"Ukoko wa wali," Mwanakheri akasema huku akilia. "Alikwangua sufuria mpaka wa nje wakasikia."

Wakamzungumzia Siwema mpaka jua likatua.

Zimwi akaghadhibika. "Nimeitwa nile jina, sirudi na njaa." Akawageukia waliomwita, akameza majina yao yote.

Kesho yake majirani wakaja mlangoni. "Hodi."

"Nani?" akauliza Mashavu.

Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ajibu.

Mpaka leo wangali pale mlangoni wanabisha, nami siwahurumii.