Mshale wa Kwanza ni wa Maji

"Mshale wa kwanza ni wa maji." Mmeyasikia maneno hayo asubuhi ya leo, mwalimu wenu Kalistus alipomwambia yule binti aliyetaka kuutupa upinde wake kwa hasira, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Mmefanya vema kuuliza. Methali nyingi hatujui zilizaliwa wapi wala nani alizisema kwanza. Hii tunaijua. Ilizaliwa hapa hapa Lihondo, kwenye bwawa la Mbasila, nami nilikuwapo. Na ilianza hivi, na mtu aliyepungukiwa na karibu kila kitu.

Skolastika Ngwega hakuwa na upinde wa dukani. Hakuwa na baba wa kumchongea, kwa kuwa baba yake alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi. Hakuwa na mikono mirefu. Hakuwa na viatu vya mpira vya kuingilia matopeni, wala kofia ya kuzuia jua machoni, wala sauti kubwa ya kumjibu aliyemtania. Hakuwa na mtumbwi. Hakuwa amewahi kushinda chochote, hata mbio za magunia pale shuleni. Alikuwa na upinde wa mti wa mkole aliouchonga mwenyewe, umepinda kidogo upande mmoja, na tabia ya kukitazama kitu mpaka watu wachoke kumngoja.

Ninyi leo mnafundishwa vizuri, lakini nitawaeleza vifaa vya wakati ule ili mwelewe. Mshale wa kupigia ndege una manyoya. Wa samaki hauna, maana manyoya yakigusa maji huuyumbisha. Ni fito nzito, na mbele yake kuna chembe cha chuma chenye meno, ili kikiingia kisitoke. Kwenye mshale hufungwa kamba ya nailoni, na kamba hiyo huzungushwa kwenye kopo tupu la maziwa lililofungwa tumboni mwa upinde. Ukiachia mshale, kamba hukimbia yenyewe kutoka kwenye kopo. Ole wake aliyejifanya hodari akaifunga kwenye kiganja! Kambale mkubwa hana adabu. Humtoa mtu mtumbwini akaenda naye kwenye matete.

Bwawa lenyewe lilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo kiini cha habari. Masika yakianza, mto ulifurika ukaingia bwawani, na tangu siku hiyo wazee walilifunga. Hakuna wavu, hakuna ndoana, hakuna mshale. Samaki waliachwa wazae. Maji yakishapungua, bwawa lilifunguliwa kwa mashindano ya upinde. Vijana walitangulia, watu wazima wakafuata. Muda wote bwawa lilipokuwa limefungwa, vijana walijifunzia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, wakipiga vipande vya mgomba walivyovizamisha kwa mawe. Walikuwa hodari kweli huko mferejini. Kalistus Mkwera aliweza kupiga kipande cha mgomba huku akisimulia hadithi.

Lakini bwawani, miaka miwili mfululizo, vijana walitoka mikono mitupu. Kwa hiyo asubuhi ya mashindano yale, mwenyekiti wa kamati, Mzee Longinus Lyanga, alisimama ukingoni mbele ya watu wote. Alikuwa mrefu, mnyoofu, asiyesema jambo mara mbili.

"Vijana hawa wanatibua matope," alisema. "Wanawakimbiza samaki, na watu wazima wakishuka wanakuta bwawa limekwisha kuvurugwa. Leo kila mmoja ana mishale mitatu kama kawaida. Wakitoa samaki mmoja, hata mmoja tu, mwakani watashiriki tena. Wakikosa, mashindano yatakuwa ya watu wazima. Wao wabaki na migomba yao."

Akina mama wengine waliguna, lakini hakuna aliyembishia. Vijana wenyewe walitazamana. Kwao siku ile ilikuwa kubwa kuliko sikukuu. Katika mwaka mzima ndiyo siku pekee ambayo kijana wa Lihondo aliitwa kwa jina lake kamili mbele ya watu.

Kalistus alitangulia. Mjomba wake alimletea kutoka Dar es Salaam upinde wa kisasa, mweusi, unaong'aa, wenye gurudumu la kukunjia kamba badala ya kopo. Alisimama mbele ya mtumbwi, miguu ameitanua, akavuta. Samaki alionekana wazi, mgongo wake mweusi karibu na mayungiyungi.

"Huyo nimempata!" alipiga kelele hata kabla mshale haujafika.

"Umempata nani?" mtu akamjibu ukingoni. "Vuta tumwone."

Alivuta. Ulitoka mshale na tope. Akapiga wa pili, ukapita juu ya mgongo wa samaki. Akapiga wa tatu, ukapita juu vilevile. Aliporudi nchi kavu aliulaumu upepo, na siku ile hata jani halikutikisika.

Wenzake walifuata mmoja mmoja. Kila aliyeshuka alilenga kama alivyozoea mferejini, na kila mshale ulipita juu. Mzee Longinus alikuwa amekunja mikono kifuani, akitazama ng'ambo ya bwawa kama mtu ambaye jambo lake limekwisha.

Akabaki Skolastika.

"Skola, dada yangu," Kalistus alimwambia, "leo usimtazame samaki mpaka azeeke. Tumebaki na wewe."

Watu walicheka, lakini yeye Kalistus hakucheka. Alimshika bega. "Kweli. Tumebaki na wewe."

Skolastika aliitikia kwa kichwa, akapanda mtumbwi. Aliyesukuma mtumbwi kwa upondo alikuwa mjomba wake, Fabiani, mvuvi wa siku nyingi na mtu wa maneno. Walikwenda taratibu mpaka penye mayungiyungi. Pale kambale alikuwa ametulia, mkubwa, masharubu yanaonekana. Fabiani alisimamisha mtumbwi bila hata kutikisa maji. Skolastika akainua upinde, akavuta. Halafu akageuka, akampa samaki mgongo, akaelekeza mshale kwenye shina la yungiyungi lililosimama peke yake majini.

Ukingoni watu walianza kupiga kelele. Fabiani alidhani mtoto amechanganyikiwa.

"We mtoto, samaki yuko huku!"

"Nimemwona, mjomba."

"Sasa unapiga nini huko?"

"Napiga maji."

"Maji tunayo nyumbani, mtungini! Mama yako kakutuma maji?"

Skolastika akaachia. Mshale uliingia majini kwa kishindo, kambale akashtuka, akapotea ndani ya tope alilolitibua mwenyewe. Ukingoni kelele zikageuka kuwa masikitiko. Msichana mmoja aliketi chini akafunika uso kwa kanga. Kalistus alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Katuua!" alisema. "Skola katuua mchana kweupe!"

Lakini Skolastika hakuuvuta mshale haraka kama walivyofanya wenzake. Aliinama akatazama. Kule mferejini, mshale ukichoma tope, kitako chake hubaki juu ya maji. Hapa mshale wote ulikuwa umemezwa, na kamba imeufuata. Halafu akalitazama lile shina. Alikuwa amelenga kovu jeupe lililokuwa chini ya maji, akalikosa kwa juu. Akatumbukiza mkono kupima kwa shubiri, kutoka kwenye kovu mpaka mahali kamba ilipopita. Ndipo akauvuta mshale polepole, akapitisha vidole kwenye tope lililoganda juu ya fito, kama mama anayekagua unga.

"Umemaliza kuongea nao?" Fabiani aliuliza.

"Nimemaliza, mjomba. Chini ni mbali kuliko panavyoonekana."

"Na samaki amekwenda zake."

"Atarudi. Kambale hawezi kukaa bila kuja juu kuvuta pumzi."

Fabiani alipenda ubishi, lakini hilo lilikuwa la kweli, akauegemea upondo. Wakangoja. Watu ukingoni walichoka, wengine wakaanza kutafuna mihogo. Mzee Longinus alikuwa bado amesimama palepale.

Maji yakafanya duara dogo. Kambale alipanda, akavuta pumzi, akashuka na kutulia. Skolastika akavuta upinde wake uliopinda. Safari hii alielekeza mshale chini sana ya samaki, mahali ambapo kila mtu aliona ni tope tupu.

"Chini mno!" Kalistus alipiga kelele. "Skola, inua! Inua!"

Hakuinua. Aliachia.

Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Halafu kopo la maziwa likaanza kulia, trrrrr, kamba inakimbia, na maji yakapasuka. Kambale alivuta kuelekea kwenye matete, mtumbwi ukageuka, Fabiani akachomeka upondo kwenye tope akaung'ang'ania kwa kifua. Skolastika aliiacha kamba ikimbie mpaka ilipolegea, akavuta, samaki akakimbia tena, akamwachia tena. Hakuna aliyekuwa ameketi. Mihogo ilianguka mchangani. Walipompakia mtumbwini alikuwa mrefu kama mguu wa mtoto yule aliyempiga, na Fabiani akamlalia ili asiruke.

Sitawaeleza kelele za ukingoni. Kalistus aliingia majini na nguo zake kuupokea mtumbwi. Vijana walimbeba samaki, wengine wakambeba Skolastika, hata wakawachanganya, ikabidi wamwombe binti radhi kwa ute wa samaki waliompaka.

Mzee Longinus aliwanyamazisha. Akamwita binti mbele yake.

"Umebakiwa na mshale mmoja," alisema. "Kombe la vijana huamuliwa kwa uzito. Rudi ukapige mwingine."

"Huo ni wa mwakani, baba."

Watu walishika midomo. Haikuwa kawaida kumjibu mzee yule.

"Nani kasema kuna mwakani?"

"Wewe mwenyewe, baba. Ulisema samaki mmoja."

Mzee alimtazama binti, akamtazama samaki. Nilimwona anajitahidi asicheke. "Nilisema," alikiri. "Sasa niambie. Kwa nini ulimpa samaki mgongo ukapiga maji?"

"Bwawa limefungwa tangu masika, baba. Mafuriko yamepita humu, yamechimba. Sisi wote tumezoea mfereji, na maji haya hakuna aliyeyajua. Nikaona mshale wa kwanza ni wa maji, yaniambie yalivyo. Wa pili ndio wa samaki."

"Kumbe!" Kalistus alisema kutoka nyuma, akiwa amelowa chapachapa. "Basi mimi nimeyapa mishale yote mitatu, na hayakuniambia neno!"

"Wewe uliwapa samaki," Mzee Longinus alimjibu, "wakakurudishia."

Hapo alicheka, na watu wote wakacheka naye. Saa ya watu wazima ilipofika, tuliona jambo la ajabu. Wavuvi wazoefu, wenye ndevu, walishuka bwawani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alianza kwa kupiga pembeni, mahali pasipo samaki, kisha akajifanya amekosea. Mishale yao ya pili ilitoa samaki wengi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Tangu siku ile, mtu akianza kazi asiyoizoea, tunamwambia maneno yale. Lakini yashikeni sawasawa. Methali hii haisemi kwamba kukosa ni sifa. Kalistus alikosa mara tatu na hakujua zaidi ya alivyojua nyumbani, na leo yeye mwenyewe huwasimulia hivyo bila haya. Skolastika alitoa mshale mmoja kwa kukusudia, mbele ya watu wanaomzomea, wakati alikuwa na mishale mitatu tu na wenzake wote wanamtegemea. Kisha akakaa akausoma mshale ule mpaka akapata alichokitaka. Kama hukuyasoma maji, umeupoteza mshale tu.

Jioni ile kamati ilikutana katika darasa la shule. Mimi nilikuwa katibu. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima, kwa taa ya chemli, katika kisomo cha jioni, na sioni haya kusema kwamba mwandiko wangu ndio uliokuwa bora kijijini. Mzee Longinus alitaka barua iende ofisi ya michezo ya wilaya, kwa sababu sheria za mashindano ziliandikishwa huko.

"Andika kwamba vijana wanaendelea," alisema. "Andika kwamba kuanzia mwakani kila mshindani, mdogo kwa mkubwa, atapewa mishale minne badala ya mitatu, na wa kwanza hautahesabiwa."

Nikaandika. Kisha nikamuuliza, "Mwenyekiti, wilayani watataka sababu. Niandike nini?"

Alianza kueleza habari za mafuriko, za mfereji, za tope, akafika mahali akakwama. Akapunga mkono.

"Andika alivyosema mtoto."

Nikachovya kalamu, nikaandika chini ya sheria ile mpya, kwa herufi za kusimama, bila kufuta: *Sababu: mshale wa kwanza ni wa maji.* Mzee Longinus akatia sahihi. Nikaikunja karatasi mara mbili, nikaitia ndani ya bahasha, nikalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Nje lori la mpunga lilikuwa linanguruma, tayari kwenda mjini. Nikamkimbilia dereva, nikampa barua mkononi, naye akaiweka mbele ya kioo, akaondoka.