Kelele Hazipandi Mlima

Kelele hazipandi mlima. Neno hili Mama Zubeda, muuza uji wa kijiwe cha boda, alilisema asubuhi moja pale kijana mmoja alipokuwa anapiga resi mbele ya genge lake mpaka vikombe vikatetemeka. Hakumfokea. Alisema tu hivyo, akaendelea kukoroga sufuria. Wenzake wakacheka, wakamwuliza, Mama, hiyo umeitoa wapi? Akawaambia shikeni vikombe kwanza, kitu chenyewe kilianzia nyumbani kwao, na mwenye kisa ni binamu yake Hoza, kwa hiyo anakijua nje ndani.

Basi methali hii ilianza hivi.

Hoza alikuwa na pikipiki ya safari. Ukiiona imesimama unaiheshimu: tangi kubwa kama tumbo la ng'ombe, kioo cha upepo, masanduku mawili ya bati nyuma, taa mbili za ziada. Aliinunua mkononi kwa mtu, akaipaka rangi nyeusi, akawa anabeba abiria wa mbali, wale wa kwenda na mizigo yao. Tatizo ni moja tu. Ule mwili wote ulikuwa na injini ndogo. Tambarare inakwenda vizuri, mtu anafurahi, upepo unapiga. Ikifika mlimani inaanza kuguna kama mzee anayeinuka kitini.

Na baba yake, Mzee Singano, hakuwa mtu mwepesi. Watu wa Lushoto mjini walikuwa wanasema yule mzee anatakiwa alipe nauli ya wawili, naye anajibu, "Basi nipeni na viti viwili." Magoti yake yalikuwa yamechoka siku nyingi, kutembea mlimani hawezi.

Sasa dada yake mzee huyu, Shangazi Mwantumu, alikuwa anakaa juu kabisa, Kwemkame. Kwenye ukoo wao bibi harusi hatoki ndani mpaka mjomba wake amshike mkono na kusema neno. Binti wa kwanza wa Shangazi alipoolewa, Hoza ndiye aliyempakia baba yake. Kona ya tatu ya ule mlima pikipiki ikagoma, wakarudi. Kule juu walingoja mpaka wakwe wakaanza kununa, ikabidi aitwe mzee wa jirani ashike mkono wa binti. Shangazi alileta ujumbe mfupi: "Ndugu yangu, siku ile nimeazima mjomba wa watu. Sitaazima mara ya pili."

Na sasa alikuwa anaolewa binti wa mwisho, Mwanaidi. Wiki hiyo mvua ikabeba daraja la njia ya Kwemkame. Magari hayapiti, watu waliweka magogo, zinapita pikipiki tu. Mzee Singano akakaa barazani, akamwangalia mwanawe.

"Hiyo nyumba yako ya magurudumu itanifikisha?"

"Itakufikisha, Baba. Naiongezea nguvu."

Hoza akaenda kwa Fundi Mbelwa. Fundi akaizunguka ile pikipiki, akapiga teke tairi, akasema injini kubwa haiwezekani kwa kile kilichopo mfukoni. Kinachowezekana ni kusafisha kabureta, kubadili chujio la hewa, halafu kufunga gia kubwa zaidi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni. "Itapanda hata ukutani," akasema. "Lakini tambarare spidi itapungua."

Hapo kwenye spidi ndipo Hoza aliposimama. Akilini aliwaona wenzake wa kijiweni wanampita huku wamekaa upande upande, wanampungia mkono. Akauliza hakuna njia nyingine?

"Ipo njia ya vijana. Unafunga bomba la moshi la wazi, linanguruma. Hela yako inatosha kimoja, sio vyote."

"Na lenyewe linaongeza nguvu?"

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa. "Wanaolifunga wanasema hivyo."

Hoza akafunga bomba. Alipoiwasha pikipiki mara ya kwanza kuku wa fundi walikimbilia barabarani. Hoza mwenyewe alisikia ile ngurumo mpaka kifuani, akaamini kabisa, na kusema kweli nani asingeamini? Kitu kikinguruma hivyo unajua kina kitu ndani. Kijiweni wakamwita Simba wa Usambara. Akazunguka mji mzima. Tambarare.

Siku ya harusi baba yake akavaa kanzu na koti, akapanda nyuma, pikipiki ikakaa chini kama imepigwa na habari mbaya. Wakaondoka. Walivuka magogo vizuri. Wakaanza mlima wa Kwemkame. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili Hoza akarudisha gia mpaka namba moja, akavuta mafuta mpaka mwisho, bonde zima likaitikia ile ngurumo. Lakini mwendo ukawa unaisha tu, unaisha, na ngurumo ipo palepale.

Kona ya tatu ikazima. Ileile kona.

Akawasha, ikapanda hatua chache, ikazima. Akawasha tena. Baba yake akashuka, akakaa kwenye jiwe, akakunja kanzu isiguse tope. Hoza akasimama ameshika usukani, hamwangalii. Jua lilikuwa limeshapita kichwani. Kule juu wakwe lazima wameshafika.

"Nitembee," Mzee Singano akasema.

"Baba, hutafika."

"Najua. Lakini wakiniona njiani watajua nilikuja."

Hapo ndipo wakasikia kitu kinapanda taratibu, sauti kama cherehani. Alikuwa Kupaza, aliyesoma pamoja na Hoza, siku hizi anabeba soda za maduka ya mlimani. Pikipiki yake, Hoza alikuwa anaiita mbuzi: ndogo, imechakaa, kiti kimeshonwa kwa kamba ya katani. Nyuma alikuwa amefunga kreti za soda za harusi hiyohiyo. Akasimama pembeni yao, kwenye mwinuko uleule, wala haikuzima.

"Shikamoo Mzee. Simba, tumekusikia tangu darajani. Mbona umelala?"

"Kupaza, sio leo."

Kupaza akamwona mzee kwenye jiwe na kanzu yake imekunjwa, akaacha utani. Hoza naye macho yakamwangukia kwenye gurudumu la nyuma la ile mbuzi. Ile gia ilikuwa pana kama sahani ya pilau. Ilikuwa hivyo siku zote, ila hakuwahi kuinama kuiangalia.

"Kreti zangu nyepesi kuliko Mzee," Kupaza akasema. "Na wewe masanduku unayo. Tubadilishane."

Wakafungua kamba, wakahamisha kreti, nyingine juu ya kiti, nyingine wakaning'iniza kwenye masanduku. Mzee Singano akapanda ile mbuzi, springi zikalia, Kupaza akaachia klachi polepole, na wakaondoka. Taratibu. Kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Kabla hawajapotea kwenye kona mzee akageuka.

"Hoza. Soda zisivunjike. Tutakuja kuulizwa."

Hoza akabaki anapambana. Bila baba yake pikipiki ikakubali, kwa shida, inanguruma, inapumzika, inanguruma tena, chupa zinagongana nyuma. Kila alipoiwasha alijua juu wanamsikia.

Na kweli walimsikia. Alipotokeza Kwemkame uwanja mzima ulikuwa umetoka njiani, akina mama wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia mbele, "Mjomba huyo, Mjomba huyo!" Wakamkaribia. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Kijana ametapakaa tope, na nyuma yake Mjomba ni kreti za soda.

Kicheko kilichofuata, Hoza alitamani bonde lirudi limchukue.

Shangazi Mwantumu akapita katikati ya watu. Hakucheka. Akazima pikipiki mwenyewe kwa kugeuza ufunguo, uwanja ukapoa.

"Nimekusikia tangu bondeni," akasema. "Inapanda, inakufa. Inapanda, inakufa. Nikajiambia leo tena nimekosa ndugu. Nikaingia jikoni nisionekane na watu. Namkuta ndugu yangu kwenye kigoda, anakunywa chai. Amepita mlango wa nyuma wala hatukumsikia." Akamfuta tope shavuni kwa kona ya khanga. "Mwanangu, kelele hazipandi mlima."

Ndani, Mzee Singano alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha bibi harusi, kanzu safi. Kabla hajaingia akaita, "Hoza yuko wapi?" Hoza akasogea, anaangalia vidole vya miguu.

"Mbona unajificha? Mimi nimekuja na wewe. Kupaza amenivusha tu. Simama hapa."

Akamshika binti mkono, akasema lile neno lake la mjomba, akamtoa nje. Shangazi alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyelipwa.

Hoza alirudisha bomba la zamani wiki hiyohiyo, na gia akaja kufunga baadaye, Kupaza akimshikia spana na kumtania. Tambarare wakawa wanampita. Akawa anawapungia mkono yeye.

Mama Zubeda akaishia hapo, akamimina uji kwenye kikombe kilichokuwa kitupu.

"Na yule bibi harusi, Mwanaidi?" mmoja akauliza. "Yuko wapi siku hizi?"

"Anakupimia uji," akasema. "Zubeda ndiye mtoto wangu wa kwanza. Na mkono huu," akauinua na upawa wake, "aliyeushika ni mjomba wangu mwenyewe. Sikuazimiwa."

Yule kijana wa resi alikuwa ameshazima pikipiki yake zamani. Alikuwa ameinama, anaangalia gia ya nyuma, anahesabu meno kwa kidole. Mama Zubeda akamsogezea kikombe.

"Kunywa kwanza," akamwambia. "Kelele hazipandi mlima."