Asiyeinama Hatwikwi

Asiyeinama hatwikwi. Mmeisikia leo kanisani, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, enzi za kuteka maji kwa madebe, palikuwa na mjane aitwaye Navoneiwa. Alikuwa mcha Mungu hasa. Jumapili hakosi, maskini hamnyimi. Chemchemini desturi ilikuwa hii: mwenye debe lililojaa hupiga goti, mwenzake akamwinulia mzigo hadi kichwani juu ya ngata. Navoneiwa aliwatwika wenzake bila kinyongo, lakini yeye hakumpigia mtu goti. Kando ya maji palikuwa na jiwe lililomfika utosini. Aliweka debe juu yake, akalijaza kwa kibuyu, kisha akalivuta taratibu mpaka likamkalia kichwani.

"Dada, tukutwike?" waliuliza mwanzoni.

"Nashukuru. Mungu amenipa shingo yangu mwenyewe."

"Hiyo si shingo, ni mnara wa kanisa!" akasema Eliwaza, jirani yake mcheshi. Wote wakacheka ila yeye.

Tangu alipomzika mumewe alikuwa amejiapiza asionewe huruma na mtu. Akisali husema, "Asante Bwana, simlemei yeyote." Hakujua kwamba shukrani ile ilikuwa kiburi kilichovaa kanga ya ibada. Wenzake wakaacha kumuuliza. Baadaye wakaacha hata kumngoja njiani. Vicheko vyao vilimtangulia mlimani, naye akapanda nyuma peke yake, hana hata wa kumwambia kwamba jua limekuwa kali.

Masika moja mvua zikala ukingo, jiwe likabiringika hadi bondeni. Kuanzia hapo Navoneiwa akawa anabeba nusu debe, na mlima ule haukumruhusu kurudi mara ya pili. Nyumbani alikuwa akimuuguza mama mkwe wake, Bibi Nakiete, asiyeinuka kitandani. Maji ya uji yalipatikana, ya kumwogesha hayakutosha. Mgongo wa bibi ukaanza kuchubuka.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "siku hizi unanipangusa kama sahani. Chemchemi imekauka?"

"Haijakauka, mama."

"Basi huko hakuna watu?"

"Watu wapo."

Bibi akageuzia uso ukutani, na Navoneiwa akauona ule mgongo.

Asubuhi yake akashuka wenzake wakiwapo. Akajaza debe pomoni, akasimama kando yake. Hakuna aliyesogea. Haikuwa chuki, walishazoea kukataliwa tu. Wakatwikana wao kwa wao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hata akabaki Eliwaza akisuuza debe lake.

"Eliwaza," akaita.

"Abee."

"Nitwike, ndugu yangu."

"Heee! Na mnara je?"

Navoneiwa akapiga goti palepale kwenye tope, akainamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya madhabahu. Kicheko kikamfia Eliwaza mdomoni. Akaja, akalishika debe, akampandishia. Lilipotulia hakuondoka upesi. Akamshika bega asimame vizuri, akamfuta tope gotini kwa upindo wa kanga yake. Machozi yakamtoka Navoneiwa. Tangu mazishi, mkono wa mtu ulikuwa haujamgusa.

"Debe ni zito?" Eliwaza akauliza.

"Si debe."

Siku ile Bibi Nakiete aliogeshwa mwili mzima, akalala usingizi.

Wanangu, mtu anaweza kuwasaidia watu wote na bado akawa na kiburi, kwa kuwa hataki kusaidiwa. Hata Bwana akija na neema mikononi, ataiweka wapi, nasi tumesimama wima tukimwambia tunajiweza? Ndiyo maana wazee husema: asiyeinama hatwikwi.