Kikao cha Saa Sita Mchana

—Haya, ngano iingie?
—Iingie!
—Ikae wapi?
—Ikae kitini!
—Na aliyekikalia?
—Ashuke!

Mmesema wenyewe, mimi simo. Basi palikuwa na bwawa, na kiangazi kile lilikuwa limebaki hilohilo moja. Bwawa lilikuwa na baraza, na mwenyekiti wa baraza alikuwa Kiboko. Tumbo lile, jamani! Akiingia majini, maji yenyewe yanapanda ukingoni kumpisha.

Wajumbe wenzake walikuwa Digidigi, Kanga na Mama Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, asiyemzidi paka kwa ukubwa. Kiboko alitunga kanuni mwenyewe, akazitangaza mwenyewe, akajipigia makofi mwenyewe:

"Mjumbe akipiga ngoma, ni kikao. Mpiga ngoma ndiye anayechagua mahali. Asiyefika, amejitoa. Kiti kikiwa wazi, waliofika wanakijaza."

"Sawa, mzee," wakaitikia wote.

Sawa gani? Ndu! Ndu! Ndu! Kiboko kapiga ngoma. Kikao wapi? Katikati ya bwawa, penye kina!

Digidigi akatia mguu, akautoa. "Digidigi hayupo," akasema Kiboko. "Kiti chake anakijaza shemeji yangu." Shemeji, kiboko naye, akaibuka: bwaa!

Kanga akalowa bawa, akarudi. "Kanga hayupo. Kiti chake anakijaza mjomba wangu." Mjomba akaibuka: bwaa!

"Na Pimbi hayu..."

"Nipo!" Mama Pimbi huyo, juu ya gogo, ametota, anatetemeka, meno yanagongana.

Kiboko akafungua kinywa, akaling'ata gogo, kachu! Vipande viwili. Mama Pimbi akatapatapa mpaka ukingoni, nusura azame.

"Kesho jioni kikao tena, hapahapa," Kiboko akamcheka. "Tuone utakuja na nini, kijimama wewe! Ukishatoka, bwawa tunalifunga. Asiye kiboko asitie ulimi humu."

Mama Pimbi alikuwa na watoto kule juu mwambani, midomo imewakauka, wanalamba mawe. Aliwafikiria wale watoto, na hofu ikamtoka, ikaingia hasira.

"Mzee mwenyekiti," akaita, "mpiga ngoma ndiye anayechagua mahali?"

"Ndiye."

"Mjumbe yeyote?"

"Yeyote! Kanuni nimetunga mimi, utanifundisha wewe?"

"Nifundishe nini, mzee? Lala salama."

Kesho yake Mama Pimbi hakungoja jioni. Jua lilipofika utosini, ndu! ndu! ndu! Kikao wapi? Juu ya mwamba, kileleni, pale pimbi wanapoota jua kila siku!

Jua la saa sita na ngozi ya kiboko, mnajua wenyewe. Kiboko akatoka majini, puu, puu, puu. Ngozi ikaanza kumwasha. Akapanda kidogo, ngozi ikapasuka. Akateleza, gudugudu, mpaka chini. Shemeji hata pua hakuitoa. Mjomba alijifanya amelala.

"Ahirisha!" Kiboko akanguruma. "Tukutane jioni!"

"Kanuni haina jioni, mzee. Mwenyekiti hayupo. Shemeji hayupo. Mjomba hayupo. Wamejitoa. Nimefika peke yangu, nami najaza viti: cha mwenyekiti nakikalia mimi. Digidigi, karibu. Kanga, karibu. Kobe, panda taratibu, tunakungoja."

"Sitoki! Hiyo ni kanuni yangu mimi!"

"Ndiyo maana tunaifuata."

Kiboko akapanua kinywa chote. Mama Pimbi hakurudi nyuma hata hatua. "Mguse mtu mmoja tu," akasema, "napiga ngoma nyingine sasa hivi, na kikao kitajadili utahamia wapi."

Kiboko akakitazama kile kilele, akalitazama jua, akafunga kinywa. Akarudi majini, akabanwa pembeni na shemeji yake mwenyewe.

Watoto wa Mama Pimbi wakashuka, wakanywa, wakanywa, mpaka matumbo yakawajaa. Ngoma ikawekwa ukingoni, kila mnyama aifikie.

"Na wewe ukinenepa kama yule?" Kanga akamuuliza Mama Pimbi.

"Ngoma si hiyo? Pigeni."

Ngano yangu imenyanyuka, imeacha kiti kikiwa na joto. Funzo lake, watoto: mheshimuni mwenyekiti, msimhoji, msimtoe, na ngoma ya baraza msiiguse kamwe.

Eh! Nani anapiga ngoma huko nje? Na jua kali hivi?